Hereni Mbili za Sikio Moja

Saa mbili asubuhi, simu inalia juu ya cherehani na Mama Koleo haigeukii. Mbele yake, juu ya tofali lililoungua, waya mwembamba wa fedha umeanza kuwa mwekundu. Simu inakatika, kisha inalia tena.

"Mwambie nimekufa," anamwambia mumewe bila kuinua uso.

Mume, fundi cherehani mwenye futi ya kupimia shingoni, anapokea kwa sauti tamu kama ya mtu anayeposa. "Marahaba, mwanangu. Mama yupo, yuko kwenye kazi yako hiyo hiyo. Inawezekana. Kabisa, inawezekana."

Mama Koleo anafumba macho. Neno hilo, anasema baadaye, ndilo litakalomzika.

Chumba chao kimoja kinatazama barabara ya wauza vipuri, na ndani yake ndoa na kazi mbili zimegawana sakafu. Upande wa dirisha ni wa vitambaa. Upande wa ukutani ni wa moto, nyundo, tupa na yale makoleo yaliyompa jina. Mwandishi wa makala haya alikaribishwa kiti cha upande wa vitambaa na akainuka upesi, maana kilikuwa na pini. Alipohamia upande wa pili, suruali yake ikaondoka na masizi.

"Sasa umeonja ndoa yangu," Mama Koleo alimwambia.

Ni mfua fedha, mama wa miaka hamsini na kitu, na hutengeneza pete, bangili na hereni kwa watu asiowahi kuwaona. Karibu wateja wake wote wako ng'ambo. Wanatuma picha, wanaeleza wanachotaka, wanasubiri, wanapiga simu. Wakimaliza kupiga simu wanapiga tena kuuliza kama simu ya kwanza ilifika.

Kazi aliipata kwa mjomba wake. Mjomba alikuwa na watoto wa kiume wanne, na wote waliukimbia moshi. Mpwa aliyekuwa akimletea chakula cha mchana akaanza kukaa kidogo, kisha akashika mvukuto, kisha hakuondoka tena. Mjomba hakuwa mtu wa maneno. Fundisho alilompa lilikuwa moja tu: amini jicho, mdomo uache.

"Mtu anakuambia nataka pete pana," anaeleza. "Ukimsikiliza umeumia. Pana yake siyo pana yako. Mwambie akuonyeshe. Kitu ukikiona, umekiona."

Kwa miaka mingi fundisho hilo lilimtosha, kwa kuwa mteja alikuwa anakaa hapo hapo, kidole chake mezani. Halafu mapambo ya kiwandani yakaingia madukani kwa bei ya soda, na wateja wa mtaani wakayeyuka. Binti yao, aliyeolewa mbali, ndiye aliyezipiga picha kazi za mama yake na kuzitia mtandaoni. Maombi yakaanza kuja kutoka miji ambayo Mama Koleo hawezi hata kuitamka.

Kuja kwa maombi hayo ndiko kulikomletea kichwa kuuma. Kati ya watu kumi wanaouliza, anasema, watatu wataagiza kweli, na katika hao watatu hakosekani mmoja wa kubadili mawazo fedha ikishakatwa. Bwana mmoja alipima kidole chake kwa uzi wa kufumia sweta. Uzi ule unavutika. Pete ilipomfika ilimwenea dole gumba la mguu, na akaandika kulalamika kwamba fundi hana vipimo. Mwingine alitaka bangili "kama ya mama mkubwa." Alipoulizwa mama mkubwa yupi na bangili ipi, akajibu kwamba hana picha, lakini fundi mzuri angejua.

"Asiyekuwepo na lake halipo," anasema Mama Koleo, akigongagonga waya uliopoa. "Lakini hawa wa kwangu hawapo, na lao wanalitaka jana."

Juu ya wateja kuna mume. Mama Koleo hawezi kushika simu na moto kwa mkono mmoja, kwa hiyo fundi cherehani ndiye msemaji wa pande zote mbili. Ni mtu mwema, hagombani na mtu, na hajawahi kumwambia mteja hapana. Pete ndani ya wiki? Inawezekana. Jiwe la samawati ambalo haliuzwi mji mzima? Inawezekana.

"Ulimi hauna mfupa," anasema mkewe. "Yeye anauza maneno, mimi ndiye ninayeyalipa kwa mikono." Mume anacheka na kuendelea kupindisha pindo la suruali.

Kazi inayomtoa jasho asubuhi hii ni hereni moja, na ni mara ya pili anaitengeneza. Mteja ni dada anayefanya kazi ya kuhudumia wagonjwa huko ng'ambo, na anaishi na mama yake mzazi, bibi ambaye kumbukumbu zinamtoka. Bibi alivaa jozi moja ya hereni za fedha tangu alipoolewa. Kila moja ni jani jembamba lililopinda kuelekea shavuni, na chini yake kumening'inia vitone vitatu. Siku moja hereni ya kulia ikapotea. Waliitafuta kitandani, ndani ya mifuko, hata kwenye bomba la kuogea, wasiione.

Bibi amesahau mji anaoishi. Anasahau kama amekula. Hereni hakuisahau. Alfajiri mpaka jioni mkono wake uko kwenye sikio lile tupu, analipapasa, analivuta, anauliza nani ameichukua. Sikio limechubuka. Binti yake akipaka dawa, mkono unarudi pale pale. Daktari alishauri avalishwe glavu. Binti alijaribu mara moja, na mama yake alilia kama aliyefungwa, kwa hiyo akazivua na hakuzirudia.

Kuipeleka hereni iliyobaki kwa fundi kama kielelezo hakukuwezekana. Bibi analala nayo, na mtu akiigusa anapiga mayowe. Ndiyo maana binti alituma picha, nyingi na safi, na chini yake akaandika kwamba anaomba hereni ya sikio la kulia.

Mama Koleo alizikagua picha kwa siku mbili. Kwenye kila picha hereni ilikuwa imevaliwa sikio la kulia. Sasa kama ya kulia ipo, iliyopotea ni ya kushoto, hilo halihitaji shule. Akaona mteja amechanganya kulia kwake na kulia kwa anayemtazama, jambo ambalo wateja hulifanya kila siku. Akaamini jicho, akauacha mdomo, akafua hereni ya kushoto. Ilitoka nzuri. Mume alimwuliza kama awaulize tena wenyewe, naye akamwambia ashone nguo.

Hereni ilisafiri mkobani mwa mtu aliyekuwa akienda huko. Binti aliifungua mbele ya mama yake na kumvalisha. Bibi alinyanyua vidole, akapapasa jani, akapapasa na lile la upande wa pili. La kushoto lilitazama mbele kama siku zote. La kulia lilitazama kisogoni.

"Hii siyo yangu," alisema, akaivua na kuitumbukiza kwenye kikombe cha chai.

Simu iliyofuata ndiyo Mama Koleo aliyoipokea mwenyewe, na anajuta mpaka leo. Binti alikuwa analia na kufoka kwa pamoja. Alisema alilipia hereni ya kulia, akaandika kulia, akapata kushoto. Mama Koleo alisema yeye si kipofu, picha anazo, na kwenye picha bibi amevaa ya kulia. Binti akasema anamwogesha mama yake kila siku na anajua masikio yake. Wakabishana hivyo kwa siku nyingi, kila mmoja akiwa na hakika, na kila mmoja akimwona mwenzake ni mkaidi wa kupindukia.

"Nilikuwa nawaka," anasema. "Usiniambie nimekosea kitu ninachokiona kwa macho yangu mawili."

Mwishowe, damu ikimchemka, aliingia upande wa vitambaa na kumsukumia mumewe simu usoni. Alitaka shahidi. Akamwuliza, sikio lile ni lipi.

Mume aliitazama picha. "Sikio sijui," alisema. "Ila aliyemshonea bibi wa watu hilo gauni anyang'anywe cherehani."

Akaulizwa kwa nini. Akaeleza bila haraka, kama anavyoeleza mambo yake yote. Gauni la mwanamke hufungwa upande wa kulia ukilala juu ya kushoto. La bibi lilikuwa kinyume, kama shati la mwanamume, na siyo gauni moja tu, yote, kwenye kila picha. Alikuwa ameliona jambo hilo tangu picha ya kwanza kuingia. Alikuwa akilicheka kimoyomoyo wakati wote huo. Hakusema kwa sababu alidhani ndiyo mitindo ya huko.

Mama Koleo anasimulia kwamba alikaa kwenye kiti chenye pini na hakuzisikia.

Walimpigia binti na kumwuliza amezipigaje zile picha. Jibu lilikuwa jepesi. Mama yake hatulii mbele ya kamera, anageuka, anainuka. Anatulia akijiona mwenyewe tu. Kwa hiyo binti huigeuza simu kwa ile kamera ya mbele, bibi anauona uso wake kwenye kioo cha simu, anautabasamia, na picha inapigwa. Na simu ile huihifadhi picha vile vile ilivyoonekana, kama kwenye kioo, kulia kukiwa kushoto.

Kwa kuhakikisha, Mama Koleo alijipiga picha na kamera ya mbele ya simu ya mumewe, koleo mkono wa kulia. Kwenye picha akajiona ameshika kwa kushoto.

"Jicho lenyewe limenisaliti," anasema. "Mjomba hakuwa na simu, wa kumlaumu simwoni."

Ambaye angeweza kumlaumu ni mume, na alimlaumu, kwa siku tatu mfululizo. Inakuwaje mtu asemaye neno kwa kila mteja duniani, neno moja la maana linalompasa kulisema alimeze? Mume alijitetea kwamba aliambiwa ashone nguo. Hilo lilimkata maneno mkewe, na hasira za kukatwa maneno zikamfanya aanze hereni ya pili siku hiyo hiyo, kwa fedha yake mwenyewe, bila kuagizwa.

Ndiyo hiyo iliyo mkononi mwake leo. Anaipinda kidogo kwa koleo jembamba, anaishika karibu na dirisha, anaipinda tena. Vitone vitatu vimelehemiwa. Anaing'arisha kwa kitambaa, kisha anaipaka kitu cheusi na kuifuta nusu nusu, isije ikang'aa kuliko mwenzake iliyozeeka. Kesho kuna jamaa anasafiri na amekubali kuibeba.

Simu inalia. Mume ananyoosha mkono, lakini safari hii Mama Koleo anamtangulia. Ni binti wa bibi, kwa picha ya video. Uso wake umechoka. Anasema kwamba sikio limetoka damu jana, na anaomba kuiona hereni kabla haijafungwa, maana haamini tena picha ya mtu yeyote. Mama Koleo anavuta pumzi ya mtu anayetaka kujibu. Anaivaa hereni kwenye sikio lake la kulia na kuigeuza shingo.

Upande wa pili simu inatikisika. Mkono wenye mishipa umeinyakua. Uso wa bibi unajaza kioo, macho yameng'ang'ania sikio la Mama Koleo, na vidole vyake vinapanda polepole kwenye lile lake tupu.

"Ndiyo hiyo," anasema bibi. "Kumbe ni wewe. Wewe ndiye uliyeniibia."

Binti anasikika nyuma akimsihi, mama, siyo yeye, huyo ni fundi. Chumbani fundi cherehani ameacha kukanyaga cherehani yake. Mama Koleo, ambaye tangu asubuhi hajakubali kosa hata moja, wala la uzi, wala la mume, wala la mjomba, anaishika simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama," anasema. "Ni kweli, niliichukua mimi. Nisamehe. Kesho naileta."

"Usichelewe," anasema bibi, na kioo kinajaa dari.

Mama Koleo anaivua hereni na kuifungia kwenye kipande cha kitambaa anachopewa na mumewe bila kuomba. Akiulizwa mipango yake, anasema ataandika ukutani kwamba hapokei tena picha ambayo haina maandishi yanayosomeka nyuma ya mteja, gazeti au kalenda, ajue kama imegeuzwa. Mume atayasoma maandishi hayo kwa kila anayepiga simu, atake asitake. Kuhusu bibi, anatarajia jambo moja tu.

"Aniite mwizi mpaka afe, sina neno," anasema, akirudi kwenye tofali lake. "Mradi mkono wake upumzike."