Surua Dume

Binti yangu alipougua, pale Kigombe hatukuwa na daktari hata mmoja, lakini tulikuwa na matabibu kila nyumba. Ilikuwa miaka ya hamsini, mkonge una bei, na watu walikuja kutoka kila upande kufanya kazi mashambani. Kila aliyekuja alikuja na dawa yake ya homa, na sisi wa pwani tulikuwa na zetu tayari. Mtoto akipiga chafya asubuhi, kabla ya adhuhuri amekwisha kupewa magonjwa matatu achague.

Tabibu mkuu alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Alikuwa mjane, mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na tuliishi naye ua mmoja. Alilea watoto wake na wa wenziwe, na kwa maelezo yake hakuna ugonjwa wa mtoto ambao haukupita mikononi mwake. Waliopona aliwaponya yeye. Waliokufa, mama zao walikuwa wabishi.

Binti yangu alikuwa na miaka minne, mtoto wa maneno mengi, anayeanza kuuliza maswali kabla hajafumbua macho. Siku hiyo aliamka kimya. Nilimwita aje anywe uji, akasema miguu inamuuma. Nilipomshika, kifua kilikuwa kinachoma kama chungu, lakini mikono na nyayo zilikuwa baridi. Jambo hilo sikulipenda.

"Malaria," alisema wifi kutoka uani, hata hajaingia ndani.

"Mbona miguu ya baridi, wifi?"

"Homa ikikaa ndani miguu hupoa. Wewe ulizaliwa jana."

Mume wangu alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani. Nilipomweleza, alisimamisha mguu kidogo, akauliza, "Dada kasemaje?" Nikamwambia. "Basi ni malaria," akasema, na cherehani ikaendelea. Alikuwa mume mwema, hakuwahi kuninyanyulia mkono wala sauti. Ila kwa dada yake alikuwa kitambaa: dada amkate apendavyo, amshone apendavyo.

Nikambeba mtoto hadi dispensari. Pale alikuwapo dresa mmoja, mfunga vidonda tu, ambaye kila mtu alimwita daktari, naye hakuwahi kumsahihisha mtu. Alivaa koti jeupe lililopigwa pasi, na mezani alikuwa na chupa mbili kubwa za mikscha, dawa ya maji ya kunywa. Mwenye maumivu ya juu ya kitovu alipewa ya chupa nyeupe, wa chini ya kitovu ya chupa ya manjano. Homa, kwa kuwa iko mwili mzima, ilipewa vidonge.

"Homa?" aliuliza bila kuinua uso.

"Ndiyo, bwana daktari, na miguu inamuuma, na hataki kunyanyuliwa, na ..."

"Homa," akakubali, akanipa vidonge.

Mchana mtoto akavitapika vyote. Habari zikaenea, nyumba ikajaa. Jirani yangu wa Kibondei alisema degedege liko njiani. Mwingine akasema ni kijicho, kwa sababu ya gauni jipya alilovaa sikukuu. Yule aliyesema hivyo ndiye aliyelisifu gauni hilo kuliko wote. Mwalimu wa chuoni alikuja, akasoma Kurani, akamwombea mtoto shifaa, akaenda zake. Katika watu wote waliopita chumbani mwangu siku ile, ni yeye peke yake ambaye hakutaja ugonjwa.

Asubuhi ya pili nilipokuwa nikimpangusa mwili kwa maji, niliona madoa. Yalikuwa tumboni na mapajani, madogo kama yamechomwa kwa ncha ya sindano, yenye rangi ya zambarau. Nikamwita wifi.

"Surua!" alisema, kwa furaha ya mtu aliyekutana na rafiki wa siku nyingi. "Si nilikwambia?"

"Ulisema malaria, wifi. Na surua aliugua mwaka jana. Wewe mwenyewe ulimfunika kaniki."

Aliinama, akayatazama madoa upya. Kwa mara ya kwanza nilidhani nimemshinda. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu, "Ile ilikuwa surua jike. Hii ni dume."

Nimeishi miaka mingi baada ya siku hiyo na sijapata kusikia tena habari za surua dume. Lakini nakwambia, jua halijapanda vizuri, tayari wanawake watatu pale uani walikuwa na ndugu zao walioiugua.

Surua ilikuwa na sheria zake. Dirisha lifungwe, mtoto asiogeshwe, asipigwe na upepo. Na sheria kubwa kuliko zote, sindano marufuku. Ilisemwa kuwa mwenye surua akichomwa sindano, ugonjwa hurudi ndani na kummaliza. Wifi akasimama mlangoni kusimamia sheria hizo.

Mimi nikabaki na mtoto wangu chumbani. Macho yake hayakuwa mekundu, wala hakukohoa, na mwaka uliotangulia alikohoa hadi nikaogopa. Ngozi yake ilikuwa maji ya kunde, na wakati wa joto nilizoea kuibonyeza harara yake kwa kidole: wekundu unapotea, kisha unarudi. Nikabonyeza doa moja la tumboni. Halikupotea. Nikabonyeza jingine. Nalo lilikaa pale pale, linanitazama. Karibu na goti palikuwa na doa lililokuwa dogo nilipoanza kumpangusa, na sasa lilikuwa sawa na punje ya kunde. Nikajaribu kumwinua anywe maji. Shingo ilikuwa ngumu kama mti, akapiga ukelele ambao hata leo sipendi kuukumbuka.

Nikamfunga kwa khanga, nikatoka naye.

"Unakwenda wapi na upepo huu?" wifi akapaza sauti.

"Kwa daktari."

Mume wangu akaniona nikipita barazani. "Mama watoto, dada kasema asitoke."

"Nimemsikia. Wewe shona."

Nilikwenda mbio. Nyuma yangu nikasikia cherehani imenyamaza, kisha vishindo vya viatu vyake vya makubadhi. Nyuma yake alikuja wifi na mwavuli mweusi, kuja kumlinda mtoto asichomwe sindano.

Dresa aliponiona akanyoosha mkono kwenye vidonge. Sikungoja. Nilimlaza mtoto juu ya meza yake, katikati ya chupa, nikafungua khanga. Akatazama. Safari hii alitazama kweli. Akabonyeza doa, akabonyeza jingine, akajaribu kuinua kichwa cha mtoto, akaacha upesi.

"Ni nini hii?" nikauliza.

"Sijui," akasema.

Tangu mwanangu alipoamka kimya, kila mtu alijua. Mlolongo mzima wa watu wanaojua ulikuwa umepita nyumbani kwangu. Huyu ndiye wa kwanza kuniambia hajui, na wallahi moyo wangu ulitulia kidogo, maana nilijua sasa kuna mtu anayemwona mtoto.

"Hujui?" wifi akadakia. "Na koti lote hilo?"

"Sijui, mama. Najua si malaria, wala si surua. Niliwahi kumsikia daktari mmoja mkubwa akisema homa yenye madoa haya haingoji. Apelekwe Tanga sasa hivi. Ningekuwa na sindano yake ningemchoma hapa hapa, lakini sina."

"Alhamdulillahi," alisema wifi.

Nje, barabarani, lori la mkonge lilikuwa limekwisha kuwashwa kwenda mjini. Yule dresa, ambaye hatukuwahi kumwona akienda haraka hata mvua ikinyesha, alitoka mbio koti linapepea, akasimama mbele ya lori mikono juu. Dereva alikuwa mtu wa milimani, rozari inaning'inia kwenye kioo. Akasema mzigo unakwenda bandarini moja kwa moja, na bwana mkubwa wa shamba hataki lori lisimame njiani. Nikawafikia na mtoto, dresa akamfunulia dereva uso wake. Dereva akatazama, akafungua mlango bila neno. Mimi na mtoto tulipanda mbele. Mume wangu na dada yake walipandishwa juu ya marobota ya mkonge. Tulivuka Tongoni hivyo, wifi amekaa juu kama malkia, mwavuli wazi, na kila lori liliporuka shimo nilisikia akimlaumu dereva, barabara na mimi.

Hospitali ilikuwa na watu wengi, foleni inazunguka nyumba. Huenda tungekaa hadi alasiri. Lakini wifi, alipoteremka tu, alianza kutangaza: "Huyu ana surua! Asichomwe sindano! Nasema mapema, asichomwe!" Alitangaza kwa sauti ile ya ng'ambo ya mto, hata daktari akatoka ndani kuja kuona ni nani anayevunja nyumba. Hivi ndivyo mwanangu alivyotibiwa kabla ya foleni nzima.

Daktari alikuwa Mhindi mwembamba, mchovu, mwenye miwani. Alibonyeza madoa, akagusa nyayo, akainua kichwa kidogo tu. Akamwambia nesi neno moja, na nesi akakimbia.

"Mama, hii ni homa ya uti wa mgongo, na imeingia kwenye damu. Tunamchoma sasa. Maswali baadaye."

Wifi akaziba mlango wa chumba, mwavuli mkononi. Nesi akasimama nje na trei yake. "Mkimchoma anakufa," wifi akasema. Hakuwa akitania.

Daktari akamgeukia mume wangu. "Baba wa mtoto ni wewe? Sema."

Mume wangu alinitazama. Alimtazama mtoto, kisha dada yake aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alisema kwa sauti ndogo sana, "Dada, toka mlangoni."

Wifi akatoka. Sidhani kama alikubali. Nadhani alishangaa tu, kama mtu aliyezungumzishwa na kiti. Baadaye nilimkuta kibarazani amejifunika buibui usoni, analia peke yake, nikakaa naye.

Mwanangu alichomwa penisilini hapo hapo, kisha akatobolewa mgongoni kutolewa maji ya kupima, kisha akachomwa tena na tena hadi nikaacha kugeuza uso. Tulikaa sana wodini. Asubuhi moja alifumbua macho akaomba uji. Alipouonja akauliza ni nani aliyesahau sukari. Daktari alikuwa karibu, akacheka, kisha akaniambia, "Mngechelewa hadi jioni tungekuwa na maneno mengine." Alitoka na makovu kwenye miguu, na sikio la kushoto halikusikia tena. Nililililia sikio lile. Daktari akanijibu kwa upole kwamba la kulia ni zima.

Kigombe tulikuta watu wote walikuwa wamejua tangu mwanzo. "Mimi nilisema si surua ya kawaida," wifi alikuwa akiwaeleza wageni. "Nilisema dume." Akaanza kupita nyumba kwa nyumba akibonyeza watoto. Doa lisilopotea, dispensari! Yule dresa akapelekewa watoto walioumwa na mbu, waliobabuka utomvu wa korosho, na mmoja aliyejimwagia wino wa shule. Akaniomba, "Mama, mwambie wifi yako apumzike." Lakini nilimwona akiinua uso na kumtazama kila mtoto. Na mara nyingine alisema "sijui", jambo lililomshushia hadhi sana. Watu wengine wakaanza kwenda kwa bwana mmoja wa upande wa Pangani, ambaye alijua yote.

Binti yangu alikua, akaolewa, akazaa. Kila alipokuja kutusalimia alimwamkia shangazi yake shikamoo kwa heshima zote, akambusu mkono. Kisha akachagua kukaa kuliani kwake, sikio la kushoto likimwelekea shangazi na hadithi zake, akawa anatikisa kichwa na kutabasamu hadi chai ilipokwisha.