Jembe Lililofungiwa Stoo

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya kupimwa presha katika zahanati moja ya serikali hapa Rangwe. Mbele yangu alikaa mama wa miaka hamsini na tatu, mgongo wima. Zamu yake ilipofika, alikataa kutoa mkono apimwe.

"Sista, mimi si mgonjwa. Niandikie karatasi kwamba nilime."

Sista akacheka. Yule mama hakucheka. Alieleza kwamba kijana wake amepata kazi Homa Bay, sasa amelifungia stoo jembe ambalo mama alijinunulia mwenyewe, na kumkataza kwenda sokoni kwa miguu, eti watu watasema hamtunzi.

"Nyanya yake walimkalisha kitini hivyo hivyo akiwa na umri wangu. Leo ananiuliza mimi ni nani."

Sista aliacha kucheka. "Mwili ukikalishwa mapema, akili nayo huumia uzeeni," akasema, akaandika na kugonga muhuri.

Kijana wake, aliyekuwa akingoja garini, akaingia. "Mama, unaniaibisha!" Akapewa karatasi: atembee na kulima kila siku. Akaisoma mara mbili.

"Mpaka lini?"

"Mpaka nife nikilijua jina lako," mama akajibu, kiganja mbele, akidai ufunguo wa stoo. Akapewa.

Presha yangu ilipanda kabla sijapimwa. Mtu mzima aombe muhuri wa serikali ili arudishiwe jembe alilonunua mwenyewe? Wewe unayemkalisha mama yako ili majirani wakusifu, siku mama akikusahau, mwite jirani aje amwambie wewe ni nani.