Kozi Niliyomtungia Ndugu Yangu

Mimi ni mwalimu, na uongo wangu niliutunga kama mwalimu, nikaupangia na majibu ya kila swali. Niliwaambia wamama wa kanisa letu hapa Shinyalu kwamba ndugu yangu mdogo ameenda kozi fupi ya stima katika chuo cha ufundi cha Sigalagala. Wakapiga makofi. Mmoja akamwombea papo hapo, na mimi, bila haya, nikasema amina.

Kumbe alikuwa Nairobi kwa shangazi yetu, akitibiwa kichwa. Ana skizofrenia. Sindano za kila mwezi zilikuwa zimezinyamazisha zile sauti, tukadhani tumeshinda, lakini huzuni ilibaki. Kabla hajaenda, alikuwa anashinda kitandani akiangalia ukuta, obusuma, ugali wetu, unapoa mbele yake. Siku moja aliniambia, "Dada, afadhali zile sauti. Angalau zilikuwa zinaniongelesha." Niliingia jikoni nikalia.

Daktari ndiye aliyetueleza kuhusu matibabu ya sumaku. Unakaa kwenye kiti ukiwa macho, kifaa kinawekwa kichwani na kugongagonga hapo kwa dakika kadhaa, basi. Hakuna kupasuliwa wala kudungwa dawa ya usingizi. Siku tano kwa wiki, wiki sita. Hakutuficha: kwa mgonjwa kama wetu, wataalamu wenyewe bado hawana uhakika. "Lakini akianza, asikatize," alisema.

Sasa, huku kwetu mgonjwa hutembelewa. Jirani alipovunjika mguu akalazwa huko huko Nairobi, wamama hawa walikodi gari wakaenda na unga, sukari na ingokho, kuku mzima, wakaimba wodini mpaka nesi akawanyamazisha. Nilijua nikitaja hospitali wataniuliza ni ugonjwa gani, na Jumapili nitakuwa dada ya yule wa kichwa. Niliogopa hilo kuliko nilivyoogopa kumpoteza. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wiki ya nne shangazi akanipigia simu. Ndugu yangu amegoma kwenda kliniki. Chakula ameanza kula, hata amecheka mara moja, lakini amegoma. Kila Jumamosi alikuwa anaoga mapema, anapanga viti sebuleni, kisha anakaa karibu na mlango mpaka jioni.

"Anangoja nani?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Anasema wamama wa kanisa lenu watakuja kumwona. Kwamba hawaji ndiyo imemvunja moyo."

Nilimwomba shangazi anipe niongee naye. Hapo ndipo ningesema ukweli. Badala yake nikamdanganya na yeye, nikasema wamama wamebanwa na kuvuna mahindi.

"Sawa," akasema. "Nitamaliza. Wakija wanikute nimepona."

Alimaliza. Aliporudi alikuwa anaongea, anaamka mwenyewe, anaitisha chai. Jumapili mchungaji akamwita mbele kwa furaha: fundi wetu mpya wa stima huyu hapa, na spika za kanisa zinasumbua! Ndugu yangu akageuka akaniangalia. Mimi nikainama, nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

"Mimi sikuenda Sigalagala," alisema. "Nilikuwa natibiwa kichwa. Huzuni ilikuwa karibu kuniua. Nilikuwa nawangojanga kila Jumamosi."

Woi! Nilitamani ardhi inimeze.

Kesho yake walikuja kwetu wote, na unga, na sukari, na ingokho. Walimwimbia, wakamshika mikono, wakacheka naye. Mimi hawakunigombeza, na afadhali wangenigombeza. Mwenyekiti wao alinifuata tu jikoni nikichemsha chai, akasema polepole, "Mwalimu, si tungekuja."

Walipokuwa wakiaga, nikamwuliza ndugu yangu mbele yao. Nakiri nilitaka wanione dada mwema. "Hii huzuni ikirudi, utaniambia mapema, sivyo?"

Aliniangalia bila hasira yoyote. Kisha akatoa simu yake mfukoni, akampa mwenyekiti.

"Mama," akamwambia, "niwekee namba yako hapa."