Nilipiga kengele ya Fizi, nikakosa siku moja ya kumupa baba mukwe

Wakubwa wa serkle, nyumba yetu ya mikutano, jambo kwenu wote munaosimama mbele ya ukuta huu nilipobandika karatasi yangu. Wewe unayewasomea wengine kwa sauti, usiruke mustari. Hii si hadisi. Mwenye mashaka apande Fizi aulize, wangali wanacheka.

Masomo yangu munayajua, yaliishia njiani. Lakini nilipata kazi Fizi, kwenye shantie, kiwanja cha kazi ya matofali cha muzungu moja.

Kazi gani? Kupiga kengele.

Kengele yenyewe ni chuma cha gurudumu la kamio, lile gari kubwa la mizigo, kimetundikwa kwenye muti. Napiga, watu wanaanza. Napiga, wanaenda kula. Napiga, wanarudi.

Wakubwa, nilijiona tajiri! Wengine wana ng'ombe, mimi nina saa za watu. Nikanunua viatu na kofia, nikaanza kutembea kama mutu aliyemeza muchi wa kinu.

Siku ya Mungu moja, kengele ikiwa imelala, nikaazima velo, baiskeli ya watu, nikashuka Baraka, kule ziwani, kumuomba binti Riziki kwa baba yake, mzee Wilondja. Yeye ni muvuvi. Nikamukuta anashona nyavu, anaimba, hata saa hajui. Nikamuhurumia!

Nikamusimulia kengele yangu yote. Akasikiliza.

"Kijana, viatu yako niliona. Sikia. Mutumbwi wangu iko mu pori, kule juu ya Fizi, banauchonga. Ukiisha, tutaukokota mupaka ku ziwa. Kamba ya mbele ni ya mukwe. Utakuya?"

"Ndiyo, baba. Lakini nitaomba kwanza ruhusa kwa muzungu."

Akaweka sindano chini.

"Na mutoto yako akigonjwa?"

"Nitaomba ruhusa, baba."

"Na mi nikikufa?"

Nikaangalia viatu vyangu. Jibu nililijua.

"Mama Riziki!" akaita. "Kuya uone! Huyu hakukuya kuoa. Yeye mwenyewe iko muke ya kengele!"

Mama akacheka. Majirani wakacheka. Nyuma ya mulango nikasikia Riziki naye anacheka, na hapo moyo ukaniuma kweli.

"Siku ile nitaangalia kamba ya mbele," mzee akamaliza. "Nikikosa mutu, nitaipatia mwengine. Na binti pia."

Tajiri nikarudi mulimani nikisukuma velo ya watu.

Muzungu nilimuomba. Akaniuliza neno moja tu: "Na kengele atapiga nani?"

Munajua nilifanya nini, mimi mupumbafu? Nikajisikia mukubwa! Nikafikiri: kweli, nikitoka hapa Fizi yote itasimama.

Basi siku moja, kengele ya kula ikiwa karibu, nyundo iko mukononi, nikasikia nyimbo kutoka juu. Mutumbwi! Wanaume wanavuta, bamama wanaitikia. Na kamba ya mbele inaburuzika chini, haina mutu.

Nikatundika nyundo kwenye muti. Nikakimbia. Kiatu kimoja kikabaki kwenye matope, sikukirudia.

"Ulipata ruhusa ya nani?" mzee akaniuliza.

Nikashika kamba.

"Basi vuta, tajiri!"

Sasa aibu yenyewe ndiyo hii. Kabla ya kukata kona niligeuza kichwa, nione namna Fizi inavyoharibika bila mimi.

Wale wa shantie walikuwa wameweka matofali chini, wamekaa kivulini, wanakula mihogo yao polepole.

Hakuna aliyewapigia kengele. Njaa iliwaita.

Kazi yangu ya kengele ilikwisha siku ileile. Leo ninavua na mzee. Sidanganyi: usiku wa giza, tukivua kwa taa, kuvuta nyavu ni kugumu kuliko matofali, na viatu sina tena. Lakini mwezi ukiwaka, samaki hawafuati taa yetu, basi tunashona, tunatembelea watu, tunalala muchana. Na Riziki, bibi yangu, akiniita, naitika palepale.

Mimi utajiri nauona hapo: kamba yako ikipita, uweze kuishika. Zamani nilikuwa na saa za watu wote, yangu hata moja sikuwa nayo.

Wakubwa, nafasi ya kuandika iko hapa chini, na kalamu nimeifunga kwa uzi wa nyavu isipotee. Andikeni kama nimekosea. Lakini atakayeandika wakati wa kazi, atuambie kwanza aliomba ruhusa kwa nani.