Flopi ya Juu ya Moto

Biashara ya nje ilipofunguliwa, mitumba haikuwa nguo peke yake. Zilikuja pia kompyuta za Ulaya zilizokwisha choka, nami nikapanga chumba mjini, mtaa wa Mafiga, cha kuzifufulia. Nilikuwa na maneno mengi na subira kidogo. Mteja akigusa bisibisi yangu, namtoa nje.

Siku moja waliingia mama yangu na dada yangu, hawasemezani. Dada alikuwa anamaliza chuo. Utafiti wake wote ulikuwa kwenye kompyuta ya rafiki yake. Umeme ulikatika, uliporudi ukaiunguza. Ilibaki flopi moja, kidiski chenye nakala ya kazi, aliyomwachia mama likizoni, nyumbani kwetu milimani, juu ya Mkuyuni. Alikuwa amemwambia, "Mama, nitunzie hii kuliko kitu chochote." Asipokabidhi kazi wiki ile, wenzake wangehitimu bila yeye.

Mama alifungua pindo la kanga. Flopi ilikuwa nyeusi kwa masizi, inanuka moshi, ganda limepinda.

"Ameiweka jikoni, kwenye uchaga juu ya moto!" dada alisema huku analia. "Pamoja na mahindi!"

"Mahindi ya mbegu," mama alisema taratibu.

Nilipasua ganda kwa wembe, nikatoa ile sahani nyembamba ya ndani, nikaifuta kwa pamba na spiriti, kisha nikaivika ganda la flopi mpya. Nikaichomeka kwenye draivu ya kompyuta; draivu ikasoma kidogo, ikakoroma, ikagoma. Nikaifungua, nikakuta kichwa cha kusomea kimeshika masizi. Nikakisafisha, tukapata sura ya kwanza, ikagoma tena. Tulikwenda hivyo mchana kutwa. Kila ilipokoroma mama alifumba macho, na mimi niliumia kumtazama.

"Nimeiua, mwanangu?"

"Bado, mama."

Akamgeukia dada. "Mwaka ule wa njaa tulilalia uji wa pumba. Ulikuwa mdogo, ukinilalia mgongoni unaonyesha yale mahindi ya mbegu uchagani, unalia. Sikuyagusa. Uliponiambia nitunze kuliko kitu chochote, ningeiweka wapi pengine?"

Dada alijifuta machozi, akavuta kigoda, akakaa karibu naye. Walikaa hivyo mpaka sura ya mwisho ilipofunguka. Hapo dada alipiga kelele hadi majirani wakachungulia, na mama akauliza kama sasa tunaweza kula.

Nilitoa nakala kwenye flopi mpya. Moja dada aliitia mkobani. Nyingine aliifunga vizuri kwenye mfuko wa nailoni, akampa mama kwa mikono miwili.

"Nitunzie, mama."

"Sasa hii niiweke wapi?"

"Palepale, penye mbegu."

Nilifungua mdomo kupinga, nikaufunga. Nakala ya tatu niliitia mfukoni mwangu.