Karani wa Dirisha la Uuguzi

Mimi ndiye mlinzi wa chuo chetu hapa Duluth, Marekani, na wangeniuliza, ofisi ya maombi ya kujiunga ningeiendesha jicho moja nimelifumba. Lakini dirisha la uuguzi wamempa karani mmoja, mama mwenye vidole vyekundu kwa baridi, anayemenya chungwa asubuhi na kula kipande kimoja kila akimaliza mwombaji mmoja. Sauti yake haipandi wala haishuki. Kila anayefika huulizwa lilelile: "Umeomba chuo, au umeomba uuguzi?" Maana hapa watu hupokelewa chuoni wakashangilia, wasijue uuguzi una maombi yake peke yake.

Siku ya mwisho ya maombi, jioni, akaingia LaVonne, anayeogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

"Dada, nimepata! Barua hii hapa. Kazi nimeiacha jana!"

"Umeomba chuo, au umeomba uuguzi?"

LaVonne akaitazama ile barua. "Usiniambie, dada."

"Hiyo ni ya chuo, mwenzangu. Uuguzi hujaomba, na mwisho ni leo."

Nikachomekea, "Basi mwakani, bibie!"

"Mzee, nenda kaangalie lango lako lisitoroke," karani akaniambia, kwa sauti ileile.

Muda wa kufunga ulipofika, akashusha pazia la dirisha kama kila siku. Ila nilipochungulia mlangoni, LaVonne alikuwa ndani, amekalia kiti cha karani, anajaza maombi kwenye kompyuta harakaharaka. Karani alisimama nyuma yake, koti keshalivaa.

"Andika polepole," nikamsikia. "Wa kuzima taa ni mimi."