Ukingo Nilioukata

Mke wangu alisoma vitabu akiwa na sindano mkononi.

Ndiyo ilikuwa kazi yake. Karakana yetu ilikuwa ya kujalidi vitabu: vya ofisi, vya shule, na vile vibovu vya maktaba vilivyoletwa vimefungwa kamba. Wanawake walikaa upande wa dirisha, wakishona. Kitabu hakishonwi ukurasa mmoja mmoja. Kinashonwa mkunjo kwa mkunjo, kurasa kumi na sita kila mkunjo, na kila mkunjo lazima uufungue katikati ndipo sindano ipite. Wenzake walifungua, wakapitisha, wakafunga. Yeye alifungua, akasoma, ndipo akapitisha.

Msimamizi alimgombeza mpaka akazeeka.

"Mama, unashona au uko shule?"

"Vyote viwili, bosi. Na mshahara ni ule ule."

Mimi nilikuwa upande wa pili, kwenye kisu. Kisu chetu ni mashine ya chuma yenye mkono wa kuvuta. Kitabu kikishashonwa na kutiwa gundi mgongoni, kinawekwa chini ya kisu, kinapunguzwa pande tatu ili kingo zilingane. Kazi yangu ilikuwa hiyo. Shule sikwenda. Vitabu nilivijua kwa uzito na kwa harufu ya gundi. Ndani yake sikujua kuna nini, na sikuuliza.

Siku aliyohamia kwangu kama mke, sikuwepo. Kulikuwa na kazi ya haraka karakana, nikaenda na ufunguo mfukoni. Kaka yake alimleta na sanduku lake, akamwacha mlangoni akidhani niko ndani. Alikalia sanduku lile tangu asubuhi mpaka jua likaondoka ukutani. Nilipofika nikafungua mlango. Sikusema kitu. Nilikuwa na aibu, na mimi nikiona aibu huwa nanyamaza. Naye hakusema kitu. Aliyesema ni dada yangu, tena kwa miaka.

"Wifi, ningekuwa mimi ningebeba sanduku langu nikarudi kwetu."

Mke wangu alicheka tu. Hakuwahi kulizungumza. Tuliishi miaka arobaini na moja. Tulizika watoto wawili, tukamlea mmoja. Katika yote hayo mimi nilisema kidogo. Watu walifikiri nina busara. Kumbe sina maneno.

Sasa kitabu.

Kililetwa na maktaba pamoja na vingine. Riwaya nene ya zamani, imetafsiriwa na mtu ambaye jina lake liling'oka pamoja na ukurasa wa kwanza. Kilikuwa kimeliwa na unyevu. Msimamizi akasema hakifai, kichanwe kiwe karatasi za kufungia. Mke wangu akakiomba. Alikishona wakati wa mapumziko ya mchana, wiki tatu, na kila mchana alisahau kula.

Mtaani tulikiita Jumba. Habari yake ni hii. Binti yatima, mshona mapazia, anaitwa kwenye jumba la mawe lililozungukwa na ukungu. Bwana wa jumba hacheki. Ghorofani kuna mlango uliofungwa, na ufunguo wake bwana anauvaa shingoni. Dirisha la chumba kile lina taa inayowaka mchana na usiku. Watumishi wakiulizwa, wanainama. Binti anampenda bwana yule, na anamwogopa. Kurasa mia mbili msomaji anangoja kuona ni mzuka gani umo mle ndani. Siku binti anapoiba ufunguo na kufungua, hakuna mzuka. Kuna kiti na taa, na bwana mwenyewe ameketi analia. Ndimo alimokuwa akilia miaka yote.

Baadaye mto unafurika, unabomoa nusu ya jumba. Wanaoana, wanateseka, wanazeeka. Mwisho kabisa bibi yule, mvi tupu, amesimama langoni peke yake. Bawabu anamwuliza: "Bibi, ungejua tangu mwanzo yote unayoyajua leo, ungekuja tena?" Kitabu kinaishia hapo. Jibu hakuna.

Mke wangu alikuwa akiwaazima watu kitabu hicho, na sharti lilikuwa moja. Hurudishi mpaka uandike neno pembeni, ulipoguswa. Kwa penseli, si kwa wino. "Wino hukimbia maji," alisema. "Penseli haikimbii." Yeye aliichomeka penseli yake nyuma ya sikio, hata akipika.

Niliona maajabu. Watu niliowajua tangu zamani walikichukua kitabu wakicheka, wakakirudisha kwa mikono miwili. Fundi viatu wa kona alikisoma huku akifanya kazi, akapigilia kisigino cha kiatu cha kike kwenye buti la mlinzi wa benki. Mlinzi alipokuja kufoka, fundi akamjibu, "Kaka, nisamehe, binti kashika ufunguo." Mlinzi akauliza ufunguo gani. Wiki iliyofuata akaja kwetu kuazima.

Nesi wa zahanati, ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja, alilia mpaka nikamsikia upande huu. Dada yangu alisoma akigombana na kitabu kwa sauti: "Mjinga! Mjinga we! Ondoka!"

Kwenye ukurasa wa mlango waligombana kwa penseli. Dada yangu aliandika: Usifungue. Mume akificha ufunguo ana sababu. Nesi chini yake: Fungua. Mficha maradhi kifo humfichua. Fundi viatu akaandika: Naomba mtu aniambie kilichomo kabla sijageuza, mimi nina watoto. Na mke wangu akamjibu: Geuza, shemeji. Nimetangulia, na sijafa.

Hayo nimeyasoma baadaye. Wakati ule sikujua a wala be.

Na hapo ndipo kosa langu lilipo.

Kinyozi hajinyoi. Sisi wajalidi, kitabu cha nyumbani kwetu ndicho kilichokuwa kimechanika kuliko vyote mtaani. Mikono mingi ilikuwa imekipitia. Nikaona nimfurahishe mke wangu. Nikakipeleka karakana bila kumwambia, nikakikaza uzi, nikakitia gundi upya. Kisha nikatazama kingo. Zilikuwa na weusi weusi wa penseli, juu, chini, pembeni. Nikasema, uchafu huu. Nikakiweka chini ya kisu, nikavuta mkono. Upana wa kidole, pande tatu. Kikatoka cheupe kama mkate.

Nikampelekea mezani kwake. Alikifungua mwisho, akatazama chini ya ukurasa.

"Fundi," akasema, "umekata midomo ya watu."

Sikuelewa. Akanionyesha. Huu si uchafu, haya ni maneno. Nikatazama lile lundo la vipande miguuni pa kisu. Yeye akaenda akachutama pale, akawa anachambua. Nikadhani anafagia. Halafu akarudi na kitabu mezani kwake amalizie mgongo na jalada, kama kazi yoyote.

"Basi," akasema. "Hakijapotea kitu."

Nilijua ananifariji.

Kwenye ukurasa wa mwisho, wengi walikuwa wamelijibu swali la bawabu. Yeye alikuwa ameandika chini kabisa, mistari miwili. Wa kwanza ulibaki. Wa pili kisu kilipita chini kidogo ya vichwa vya herufi. Nilimwuliza aliandika nini.

"Utasoma mwenyewe."

"Nitasomaje na nimeshakata?"

"Kwanza jifunze kusoma."

Akanifundisha, kwa kitabu hicho hicho, Jumapili mchana, kidole chake mbele ya changu. Ilichukua miaka mitatu. Siku niliposoma mstari wake uliobaki, nilisoma kwa sauti: Wote wamemjibia bibi huyu. Mimi najijibia mwenyewe.

Nililielewa swali. Ungejua yote, ungekuja tena? Nyumba ilikuwa hii. Jibu nilikuwa nimelikata mimi.

"Nimejifunza," nikasema. "Sasa niambie."

"Sasa ngoja kitabu kichoke," akasema, akaichomeka penseli sikioni.

Nilidhani ni utani wake. Sikumwuliza tena. Nilikuwa na hofu, sitaficha. Mtu hung'ang'ania kuuliza akiwa na hakika ya jibu.

Mwaka jana kifua kilimchukua, kwa siku tisa. Nilimshika mkono. Sikusema kitu hata hapo.

Baada ya mazishi nilikitia kitabu kabatini, nikafunga. Watu walikuja kuazima nikawaambia hakipo. Mchana nilikitoa, nikasoma ule mstari mmoja, nikavitazama vile vichwa vya herufi vilivyobaki chini yake, kama majani yaliyokatwa. Nilijaribu kubahatisha. Siku nyingine niliona ni ndiyo. Siku nyingi niliona ni hapana, nikamhesabia haki. Nilimwona juu ya sanduku lake, jua likimwondoka.

Nesi ndiye aliyenishinda. Alikuja akasimama mlangoni, bado na sare ya kazi.

"Mzee, naomba Jumba."

"Hakipo."

"Kipo. Nakusikia ukisoma, ukuta wetu ni mmoja. Mwezi wa kumi sasa mstari ule ule."

Nikataka kufunga mlango.

"Baba," akasema, "unamkumbuka bwana wa jumba? Na kiti chake na taa yake?"

"Namkumbuka."

"Haya. Mimi nimekuja kuiba ufunguo."

Alisema akitabasamu, lakini macho yake hayakutabasamu. Nikampa kitabu.

Alikipeleka zahanati. Manesi wote walikipokezana, na wagonjwa kwenye foleni wakawa wanachungulia mabegani. Baada ya wiki tano alikirudisha kimefungwa kwenye kitambaa, amejiinamia.

"Mzee, nisamehe. Mgongo umevunjika."

Kweli. Jalada lilikuwa limeachana na mwili. Nikamwambia si kitu, vitabu huchoka.

Nikalisikia hilo neno likitoka kinywani mwangu. Nikakaa chini.

Wajalidi wana desturi moja. Kabla ya jalada, mgongo unabandikwa vipande vya karatasi ili ukaze. Hatununui karatasi kwa kazi hiyo. Tunaokota chini ya kisu. Kitabu hufungwa kwa makapi yake chenyewe, ndivyo tulivyofundishwa. Na mgongo wa Jumba aliubandika yeye.

"Umekuwaje, baba?" nesi akauliza. "Nikuletee maji?"

"Lete. Ya moto."

Gundi yetu ni ya unga, na unga hulainika. Niliuloweka mgongo kwa kitambaa cha maji ya moto. Nikangoja. Mikono yangu ni mizee, lakini kazi hii inaijua. Kipande cha kwanza kikanyanyuka. Kina penseli. Cha pili kina penseli. Vilikuwa tisa, na kila kimoja kilikuwa na maneno upande wa ndani. Katika lundo lile la mamia, alikuwa amechambua vilivyoandikwa, vile tu alivyovipata, akavigeuza uso ndani, akavifunga humo. Kitabu nilikishika miaka kumi na sita. Nililala nacho kifuani tangu afe. Maneno yake yalikuwa kwenye kiganja changu, nyuma ya kitambaa cha jalada, unene wa ukucha.

 

Maji hayakuwa yamefuta kitu. Penseli haikimbii.

Cha saba kilikuwa mwandiko wake. Nilikipeleka chini ya ukurasa wa mwisho, nikakisukuma polepole mpaka vichwa vya herufi vikakutana na miili yake. Nikasoma, kidole kikitangulia peke yake:

Ningekuja. Ila ufunguo ningeudai mapema.

Nesi alicheka kwanza. Halafu akalia. Mimi nilifanya vyote kwa mpigo, na kwa sauti, kitu ambacho kuta za nyumba hii hazikukijua.

Miaka yote ile sikujua kama anaikumbuka siku ya sanduku. Aliikumbuka. Na angekuja. Nililitazama neno lile moja, Ningekuja, kama mtu anayetazama mlima ambao amelala chini yake maisha yake yote.

Kitabu nimekijalidi upya. Vile vipande nimevirudisha kila kimoja kwenye ukurasa wake. Vinachomoza nje, kingo zimekuwa kama meno ya mzee. Msimamizi angekiona angenifukuza. Kisu sikukitumia.

Nesi alikuja kukichukua, kuna zamu mpya ya manesi inakingoja. Alipekua mpaka mwisho, akanitazama.

"Mzee, wewe kitabu hiki umekaa nacho kuliko sote. Na hujaandika hata neno."

Ilikuwa kweli. Nikaichukua penseli ya mke wangu, ile iliyobaki fupi kama kidole gumba. Ilinichukua muda. Herufi zangu ni kubwa. Niliandika chini ya mstari wake: Samahani kwa ufunguo.

Nesi akasoma, akakikumbatia kitabu, akaondoka nacho. Mlango nikauacha wazi, kwa sababu mlinzi wa benki alishasema naye anakitaka tena.